Death Valley kiangazi: ile 120 maana yake nini, na mtu anapangaje mzunguko wa gari kule

Kila ukifika mwezi wa 7 picha ileile ya Death Valley, hifadhi ya jangwa kule California, Marekani, inaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu kasimama pembeni ya kipimajoto kikubwa cha kidijitali, katabasamu, miwani ya jua, na ubaoni pameandikwa 128 au 130. Chini yake ndo vurugu inaanza. Mmoja anauliza mbona maji yanachemka kwenye 100, huyu hajaiva? Mwingine anasema hiyo picha ya kutengeneza. Wa tatu ana shemeji yake Las Vegas, anasema hamna kitu pale, unawasha AC unapita zako. Wa nne kasikia kiangazi pamefungwa kabisa kwa sababu watu wanakufa. Na katikati ya kelele zote hizo kuna familia ipo Columbus au Minneapolis, huko kwenye miji ya baridi ya Marekani, imeshakata tiketi za ndege kwenda Vegas, imeshakodi gari, watoto wameshaambiwa, na inachotaka ni jibu moja tu, twende au tusiende?

Mimi nikiulizwa nasema nendeni. Pako wazi mwaka mzima, na mwaka wa kawaida wanapita zaidi ya watu milioni 1, wengi tu kati yao wanakuja Julai na Agosti makusudi ili walionje hilo joto. Ila usipange safari kwa orodha ya vivutio kama unavyopanga mji mwingine. Panga kwa saa na kwa mwinuko, yaani uwe wapi saa ngapi, juu au chini. Hayo mawili yakikaa sawa mengine yote yanajipanga yenyewe, yakikosewa hata gari jipya halikusaidii. Ngoja tuanze na hizo namba maana ndo zinachanganya watu kuliko kitu chochote.

Wamarekani wanapima joto kwa Fahrenheit, sisi tumezoea Selsiasi. Kwa kipimo chao maji yanaganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212, na mwili wa mtu mzima asiye na homa uko kwenye 98 na kitu. Kwa hiyo 120 yao ni kama 49 yetu, na 130 ni 54.4. Hakuna anayechemka pale. Lakini angalia namba nyingine, 37, ambayo ndo joto la mwili wako. Hewa ikiwa chini ya hapo mwili una mahali pa kutupia joto lake. Ikishapita hapo hewa yenyewe ndo inakupa wewe joto, na upepo ukivuma unakupa zaidi, unabaki na silaha moja tu ambayo ni jasho. Tofauti ya 33 ya Dar na 49 ya Death Valley sio ya kusema "imeongezeka kidogo", ni mchezo mwingine kabisa.

Alafu kuna kitu watu hawaambiwi. Namba ya hali ya hewa ni ya kivulini. Kipimajoto rasmi kinakaa kwenye kinga, juu ya ardhi, hakipigwi jua moja kwa moja. Wewe ukishuka kwenye gari haupo kivulini, upo juani na umesimama juu ya ardhi ambayo ina joto lake. Tarehe 15 Julai 1972 pale Furnace Creek, kituo kikuu cha hifadhi kule chini bondeni, walipima joto la ardhi yenyewe wakapata 93.9 za Selsiasi. Hapo sasa ndo unakaribia kuchemsha chai. Julai 2024 mtalii mmoja kutoka Ubelgiji alipoteza kandambili zake kwenye vilima vya mchanga vya Mesquite Flat, akaungua nyayo vibaya sana kwa mwendo mfupi tu wa kutembea peku. Kwa hiyo viatu vya kufunika, na mtoto asivalishwe ndala kisha akaachiwa akimbie.

Na hicho kipimajoto cha kwenye selfi, kile cha mbele ya ofisi ya wageni ya Furnace Creek, mara nyingi kinasoma juu kidogo kuliko kile rasmi. Ukiona picha ya 132 usikimbilie kutangaza rekodi. Rekodi inayotambulika ya dunia ni 56.7, iliandikwa hapohapo Furnace Creek tarehe 10 Julai 1913, na kuna wataalamu wa hali ya hewa wasioiamini mpaka leo kwa sababu ya namna ilivyopimwa enzi zile. Za karibuni ambazo hazina ubishi mkubwa ni 54.4, Agosti 2020 na tena Julai 2021. Kwangu mimi namba ya kutisha zaidi wala sio hizo, ni wastani wa Julai 2024 ambao ulikuwa 42.5, na huo wastani umejumlisha mchana na usiku, pamoja na zile saa 10 za alfajiri ambazo mtu anatarajia apate nafuu.

Hapo tunaua na uongo mwingine uleule wa shuleni, kwamba jangwani mchana joto usiku baridi. Majira ya baridi sawa, na majangwa ya juu sawa. Lakini chini ya bonde hili mwezi wa 7 usiku mwingi haushuki chini ya 30, na kuna siku hata 38 haishuki. Mtu anapanga kulala kwenye hema pale Furnace Creek akidhani usiku utamtuliza, anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Sasa kwa nini pale na sio kwingine? Bonde liko chini, na ni chini kweli, Badwater, ule uwanda wa chumvi, ni mita 86 chini ya usawa wa bahari, hakuna ardhi iliyo chini zaidi ya hapo Amerika Kaskazini nzima. Pande zote milima mirefu, Telescope Peak upande wa magharibi inafika mita 3,368. Mawingu yanayotoka bahari ya Pasifiki yanamwaga mvua yake kwenye safu za milima huko magharibi, Sierra Nevada ikiwemo, yakifika huku yamebaki hewa kavu. Bila mawingu na bila majani ya maana jua linapiga ardhi tupu kutwa nzima. Hewa ikipata moto inapanda, inakuta kuta za milima, inapoa kidogo, inarudi chini, na ikirudi chini inabanwa, na hewa ikibanwa inapata joto tena. Kama umewahi kupampu tairi la baiskeli kwa fujo alafu ukashika ile pampu kwa chini unajua nachosema, inaunguza na wala hapakuwa na moto, ni hewa tu imebanwa. Bonde zima linafanya hivyo siku nzima.

Uzuri wake ni kwamba hiyohiyo inafanya kazi na kinyume chake. Ukipanda, hewa inalegea na kupoa. Kuna sehemu inaitwa Dante's View, mita 1,669 juu, ukisimama ukingoni Badwater iko chini ya miguu yako kabisa, na joto pale kwa kawaida liko chini kwa nyuzi 8 hadi 14 kuliko kule bondeni. Wenyewe wa bonde hili, Watimbisha Shoshone, walilijua hilo zamani sana, kiangazi walikuwa wanahamia milimani na kurudi bondeni joto likipungua. Bado wapo, kijiji chao kipo Furnace Creek na mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudishia sehemu ya ardhi yao. Na hilo jina la kutisha halikutokana hata na joto, lilitoka kwa kundi la watu waliokuwa wanakimbilia dhahabu ya California wakapotea humo majira ya baridi ya 1849 kuingia 1850. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema pale hakuna binadamu anayeweza kuishi, wapo, ila hawashindani na saa 9 mchana.

Tuje kwenye mwili, maana hapa ndo penye maneno ya kijiweni mengi. La kwanza kabisa ni "sisi Waafrika bwana tumezoea joto". Mwili unazoea joto, ni kweli, unachukua kama wiki moja mpaka mbili za kukaa kwenye joto lenyewe, unajifunza kutoa jasho mapema na kutunza chumvi. Lakini unasahau vilevile ndani ya wiki chache tu ukiondoka. Mtu wa Mombasa aliyeishi Minneapolis miaka mitano ana mwili wa Minneapolis, asidanganywe na pasipoti. Na hata ungekuwa umetoka Mombasa jana, joto la pwani ni la unyevu, ni jingine. Ndugu zetu walioko Oman wanalijua joto la kweli, na ndo maana kule kuna sheria ya kusimamisha kazi za nje mchana kiangazi, saa 6 na nusu mpaka saa 9 na nusu, Juni hadi Agosti. Wangekuwa wanaamini mazoea yanatosha wasingeiweka.

La pili ni "mbona sitoki jasho". Unatoka, tena nyingi. Dar jasho linatiririka, shati linagandia mgongoni, unajua mwenyewe umepoteza maji. Death Valley hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linapotea kabla hujaliona, unabaki mkavu kabisa, unajisikia vizuri, alafu jioni unaona mistari myeupe ya chumvi kwenye shati. Kwa hiyo kiu na jasho sio vipimo vya kuaminika pale. Hifadhi yenyewe inashauri angalau lita 4 za maji kwa mtu kwa siku, na zaidi ukiwa unatembea. Familia ya watu watano hiyo ni lita 20 kwa siku moja tu, na hapo hujaweka ya akiba. Sio chupa ndogo mbili kwenye mlango wa gari, nunua yale madumu kabisa ya galoni moja moja pale Pahrump, mji wa njiani ukitoka Vegas, yajaze buti. Na usinywe maji matupu kutwa nzima, chumvi inatoka na jasho, beba ORS au karanga za chumvi au krispi, kitu chochote chenye chumvi. Pombe iache hotelini Vegas.

Wenye presha wanaotumia vidonge vya kukojoza maji waongee na daktari kabla ya safari, sio baada, hivyo vidonge na hilo joto havielewani.

Nguo zinazofaa ni za kufunika, pana, nyepesi, rangi nyeupe au ya kufifia. Wamama wenye madera yao wameshapatia bila kufundishwa na mtu. Singlendi na kaptula zinaonekana za joto lakini jua linakula ngozi moja kwa moja.

Dalili nazo mzijue kabla. Joto likianza kumzidi mtu utaona kizunguzungu, kichwa kinauma, misuli inabana, kichefuchefu, jasho jingi na ngozi imepauka. Hapo bado kuna muda, mwingize kwenye AC, mpe maji kidogokidogo, mvue vya kubana, mkate safari. Lakini akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kuyumba, kuzimia, mwili umekuwa moto sana, hiyo ni hatari ya kufa na ubongo ndo unaoungua hapo. Kuna wanaosema lazima awe mkavu bila jasho ndo ujue imefika huko, sio lazima, anaweza akawa bado analoa. Mpoze kwa chochote kilichopo, mwagia maji mwili mzima, mpepee, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu, piga 911, namba ya dharura ya Marekani, kama netiweki ipo. Usimmiminie maji mdomoni mtu ambaye hajielewi.

Sasa gari, na ile hoja ya shemeji wa Vegas kwamba AC ipo. AC ipo, tatizo ni kwamba ndo kitu pekee kilichosimama kati yako na 49, na yenyewe inategemea injini, na injini nayo inateseka. AC inachukua nguvu ya injini na joto inalolitoa ndani inalimwaga mbele ya rejeta, palepale injini inapotegemea kujipoza. Kwenye tambarare hamna shida. Shida ni vilima. Barabara ya 190 ukiifuata kwenda magharibi inapanda kutoka chini ya usawa wa bahari mpaka Towne Pass, karibu mita 1,500, na kwenye mipando kama ile utakuta vibao vinakwambia zima AC. Watu wanavipuuza. Cha kufanya ni kuangalia geji ya joto, ukiona mshale unapanda zima AC, shusha vioo, washa hita mpaka mwisho. Ndiyo, hita, ndani ya jangwa, najua ni mateso lakini inavuta joto la injini kulileta ndani kwenu. Ukigonga nyekundu simama, zima, fungua boneti, na mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini imepoa kabisa, yale maji yako kwenye presha yatakurukia usoni. Maji matupu kwenye rejeta nayo acha, weka kulanti, inachelewa kuchemka.

Tairi ndo nina ugomvi nazo kabisa maana uongo wake umetoka nao nyumbani. "Jua kali punguza upepo tairi lisipasuke." Ni kinyume. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja zaidi kila likizunguka, kujikunja huko ndo kunatengeneza joto, na joto ndo linalolipasua. Jaza kiasi kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, upime asubuhi kabla gari halijatembea, basi. Betri nayo ikiwa ya zamani ipimwe, watu wanadhani baridi ndo inaua betri kumbe joto linaua zaidi. Na gari la kukodi fungua buti uangalie kama spea ipo kweli, magari mengi mapya hayaji nayo, yanakuja na kikopo cha gundi na pampu.

Gari likisimama limezimwa lenyewe ni tanuri, ndani linaweza kupanda nyuzi 11 ndani ya dakika 10. Mtoto haachwi ndani hata kidogo, hata dirisha likiwa wazi, hata "nakimbia tu kupiga picha moja".

Kuna kitu kimoja kinachobadilisha hesabu yote ya hatari, na huwa hakipo kwenye zile picha. Tunadhani Marekani ukianguka helikopta inakuja. Helikopta inaning'inia kwa kusukuma hewa chini, na hewa ya moto ni nyepesi, panga zinakosa cha kusukuma. Joto likipita kama 49 helikopta za wagonjwa kwa kawaida haziwezi kuingia bondeni salama. Tarehe 6 Julai 2024 waendesha pikipiki sita walizidiwa karibu na Badwater, siku hiyo joto lilifika 53.3, mmoja akafariki na helikopta haikuweza kuja kwa sababu hiyohiyo. Hata yule Mbelgiji wa nyayo ilibidi ambulensi impandishe kwanza sehemu ya juu yenye baridi kidogo ndo helikopta imchukue. Yaani ile saa ambayo unahitaji msaada zaidi ndo saa ambayo msaada hauwezi kuruka. Ukilishika hilo hutahitaji mtu akukataze kutembea mchana.

Simu nayo. Sehemu kubwa ya hifadhi haina netiweki kabisa, na ramani ya simu haijui tofauti ya lami na njia ya mchanga iliyochorwa miaka hiyo na mchimba madini. Walinzi wa hifadhi mpaka wana jina lao, wanaita kifo cha GPS. Agosti 2009 mama mmoja na mwanae wa miaka 6 gari lilinasa kwenye mchanga kwenye njia ya mbali, wakakaa siku 5 bila mtu kujua, mtoto akafariki. Kwa hiyo shusha ramani kwenye simu kabla ya kuondoka Vegas, chukua na ile ya karatasi ofisini Furnace Creek, na kiangazi usitoke kwenye lami hata ramani ikusihi vipi. Yale mawe maarufu ya Racetrack, ziwa kavu ambako mawe yanasogea na kuacha michirizi, yaache kabisa mpaka Januari, njia yake ni zaidi ya kilomita 40 za mawe makali yanayochana tairi. Iphone kuanzia 14 zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, jifunze inavyofanya kazi mkiwa sebuleni. Mwambie mtu aliyebaki mnapita wapi na mtatoka saa ngapi. Na gari likifa usiondoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu, kaeni na gari, fungua boneti juu, jikingeni kivuli. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani.

Mvua watu wanacheka ukiitaja. Furnace Creek inapata kama milimita 56 kwa mwaka mzima. Tarehe 20 Agosti 2023 zilinyesha zote hizo kwa siku moja, mabaki ya kimbunga Hilary, hifadhi ikafungwa karibu miezi miwili. Mwaka mmoja kabla, tarehe 5 Agosti 2022, zilinyesha milimita 37, watu kama 1,000 wakakwama na magari kama 60 yakafukiwa na vifusi. Ardhi ni ngumu, hainywi, maji yote yanateremka kwa pamoja. Mvua inaweza kuwa inanyesha mlimani huko nyuma wewe uko juani unapiga picha. Ukiona mawingu meusi milimani mwezi wa 7 au wa 8 usiingie kwenye makorongo, ukikuta maji yanakatiza barabara usiyavuke. Na asubuhi ya safari angalia hali ya barabara kwenye tovuti ya hifadhi, sio kwenye ramani ya simu.

Haya tupange sasa. Chukulia mnatoka Las Vegas, ni mwendo wa kama masaa mawili kwa gari kupitia Pahrump na Death Valley Junction. Usiku wa kuamkia safari jazeni mafuta, au mjaze Pahrump, ndani ya hifadhi yapo ila bei yake itakuuma. Ondokeni saa 9 usiku na kitu, watoto wanalala nyuma. Lengo ni kuwa Zabriskie Point jua linapochomoza, ambayo Julai ni karibu saa 12 kasorobo asubuhi. Mtapita njiapanda ya Dante's View kabla hamjafika, msikate, piteni kwanza. Zabriskie jua linatokea nyuma yenu linapiga vile vilima vya manjano vilivyojikunja, ni kutembea kidogo tu kutoka paking.

Hapo teremkeni moja kwa moja Badwater, kabla ya kila kitu kingine, kama nusu saa na zaidi. Sababu ni kwamba asubuhi ile milima ya mashariki inaikinga, kivuli chake kinakaa pale kwa muda jua likiwa tayari limewaka kwingine. Piga picha kwenye chumvi, angalia juu kwenye mwamba utaona kibao kinachoonyesha bahari ingefikia wapi, rudi kwenye gari. Wanaotembea mpaka katikati ya uwanda wa chumvi ni wa Desemba. Kanuni ya hifadhi yenyewe kwa kiangazi ni usiende mbali zaidi ya dakika 10 kutoka kwenye gari lenye AC, na ikifika saa 4 asubuhi, ile 10 ya kwenye simu, hakuna kutembea sehemu za chini tena.

Kurudi kaskazini ingieni Artists Drive, ni barabara ya njia moja kama kilomita 14 na inaingilika upande wa kusini, kwa hiyo iko kwenye mwelekeo wenu kabisa. Vilima vya kijani, waridi, zambarau, yote unaviona ukiwa ndani ya gari. Picha zinatoka vizuri zaidi alasiri, wapiga picha watakwambia hivyo, waambie asante. Saa 2 asubuhi ofisi ya Furnace Creek inafunguliwa, lipieni, imekuwa dola 30 kwa gari kwa siku 7 na wanapokea kadi tu sio keshi, choo, mjaze maji, na hiyo selfi ya kipimajoto pigeni, ingawa asubuhi hiyo bado kitakuwa na namba ya aibu.

Kuanzia hapo joto linapanda kwa kasi na nyie mnapanda mlima. Ndo maana Dante's View iliachwa mwisho. Kipande cha juu ni kikali, angalia geji, lakini mkifika mtashuka kwenye gari bila kuungua na mtaona njia yote mliyopita asubuhi iko chini. Kuleni chakula hapo. Saa 5 au saa 6 mko njiani kurudi Pahrump wakati wenzenu wa saa 8 mchana ndo wanaingia na kandambili.

Na kama ndege yenu inatua mchana na mna jioni moja tu, msijaribu kubana mzunguko wote huo kwenye saa 9 na saa 10, ndo saa mbaya kuliko zote. Ondokeni Vegas saa 11 jioni, kateni njiapanda ya Dante's View, pandeni, jua linazama karibu saa 2 usiku, alafu rudini mlikotoka bila kushuka bondeni. Badwater mtaiona kutoka juu. Torchi bebeni, na mafuta ya kurudi yawe tayari kwenye tangi kabla hamjaiacha Pahrump.